Tatu Ni Nyingi Kuliko Moja

Jumatatu, Machi 23

Daftari hili lilikuwa la Historia na Serikali. Nilimaliza kidato cha nne Novemba, na kurasa za nyuma zikabaki nyeupe. Mama hapendi kitu kitupwe, kwa hiyo nitaandika humu nikingoja kujua nitaitwa chuo gani.

Leo nimepewa kazi. Nilikuwa napepeta ndengu za mama sokoni, mtaani kwetu Landless, Mzee Gachau, mwenyekiti wa soko, akaja na kofia mkononi.

"Mama Nzisa, huyu msichana wako si alipita mtihani?"

"B plus," mama akasema, kwa sauti iliyofika mpaka mtaroni.

"Basi atusimamie kura. Mimi nahamia kwa binti yangu Murang'a. Jumapili tunachagua mwingine."

Nilitaka kusema siwezi. Mtu akiniangalia sana, maneno hunirudi tumboni. Lakini mama alikuwa ameshajibu.

Soko letu lina wafanyabiashara arobaini na mistari miwili. Wa juu ndio wetu. Wa chini uko kando ya mtaro, na wengi wao ni Waislamu, ndiyo maana kura ilingoja Idd ipite. Mtu mmoja aliyeanzia biashara yake hapa ametuletea mabati, ila yanatosha mstari mmoja tu. Mwenyekiti mpya ndiye atakayeamua upi uezekwe kwanza, na masika yamefika. Kila mtu anajua kwamba wanachagua paa.

Wagombea ni watatu: Njau wa viazi na Benta wa omena, wote wa mstari wetu, na Mwanaharusi anayekaanga mahamri mstari wa chini. Yeye sote tunamwita Mama Irshad.

Jumanne, Machi 24

Mawingu tu. Nimewaza kura mchana kutwa.

Jumatano, Machi 25

Mara ya mwisho walipiga kura ya mlolongo. Kila mgombea alisimama, watu wakajipanga nyuma yake, Gachau akahesabu vichwa. Benta alijipanga nyuma ya aliyeshindwa, na wiki hiyo hiyo majirani wakamwambia asogeze meza yake, omena wananuka. Omena walikuwa wananuka tangu mwanzo. Hawa watu hawataki tena kuonekana migongo.

Nikakumbuka hotuba niliyoandikia klabu ya shule. Niliogopa kuisoma, akaisoma mwenzangu, akapigiwa makofi yangu. Ilikuwa inaeleza kwamba kura haipigwi namna moja duniani. Hapa kwetu mbunge anashinda akipata nyingi kuliko wenzake, hata kama waliomkataa ni wengi zaidi. Rais lazima apite nusu, tena apate robo katika zaidi ya nusu ya kaunti. Afrika Kusini wanapigia chama, na viti vinagawanywa kwa kadiri ya kura. Australia na Ireland mpiga kura huwapanga wagombea kwa namba, na wa mkiani akianguka, kura zake zinahamia kwa waliowekwa wa pili.

Nilimweleza Gachau kwamba mstari wa juu una wagombea wawili, watagawana kura, na mshindi anaweza kuwa mtu ambaye wengi hawakumtaka. Namba zitazuia hilo.

"Kama darasani," akasema. "Namba moja ndiye wa kwanza."

"Ndiyo."

Njau alikuwa anasikiliza, kama kawaida yake. "Wee Nzisa! Sasa hiyo ni kura ama ni hesabu ya Form Four? Mimi niliishia darasa la saba, nikatoka na dirisha!"

Njau hupiga kelele kama redio ya kinyozi. Simpendi sana. Lakini Gachau amekubali, na leo nimefurahi kuliko siku ya matokeo.

Ijumaa, Machi 27

Nimepita mstari wa juu meza kwa meza. Kila mmoja nilimwambia, "Moja ni wa kwanza, kama kwenye ripoti ya shule." Wote wameelewa, hata yule mzee wa miwa. Wa chini walikuwa wamefunika bidhaa, wanaenda msikitini. Wakasema kesho.

Jumamosi, Machi 28

Mvua ilianza nikiteremka. Wote kumi na wanane wa chini walijibana chini ya turubai la Mama Irshad, wakaniangalia kwa pamoja. Sikuweza kwenda meza kwa meza, kwa hiyo nikasoma karatasi: andika namba mbele ya kila jina, moja hadi tatu, kwa jinsi unavyompenda. Turubai lilikuwa linapigwa kama ngoma. Sijui nani alisikia nini.

Mama Zahra aliinua mkono. Yeye ndiye anayekaanga viazi karai. Yeye na Mama Irshad wana karai moja, wameshirikiana miaka kumi na mmoja, asubuhi mahamri, mchana viazi. Akauliza, "Mwanangu, tatu ni nyingi kuliko moja?"

Watu wakacheka. Nikaona aibu kwa niaba yake.

"Ndiyo, mama," nikasema, nikakimbia kurudi juu kabla sijalowa.

Jumapili, Machi 29

Naandika nikiwa nimejifunika blanketi kichwani, na mwanga wa simu.

Kura ilianza saa nane, watu wametoka kanisani. Karatasi za mistari ziliniishia nilipomaliza mstari wetu, nikawapa wa chini za daftari la hesabu, zile za miraba. Kila mtu aliingia nyuma ya pazia la mama, akaandika, akakunja, akatia kwenye debe. Hakuna aliyeuliza swali. Nilidhani ni kwa sababu nilieleza vizuri.

Kuhesabu, Gachau hakuwa na miwani. Akaniambia, "Soma wewe, mimi nachora vijiti." Nikasoma. Sauti yangu, ambayo darasani haikufika dawati la tatu, leo ilisikika mpaka barabarani.

Karatasi za miraba zilipoanza kutoka, moja za Njau zikawa nyingi. Mara Njau moja, mara Njau moja. Mstari wetu wakaanza kushangilia. Njau mwenyewe alivua kofia, akaangalia wa chini kama mtu aliyepewa mtoto ambebe.

Kisha nikafungua moja iliyokunjwa mara nne. Njau 1. Benta 2. Mbele ya Mama Irshad kulikuwa na 3, na pembeni, kwa herufi zilizoandikwa polepole: *zote 3. Mola amlinde.*

Z ile ilikuwa na mstari katikati. Sokoni ni mtu mmoja tu anayeandika z hivyo, na kila siku naiona kwenye kibao chake cha VIAZI KARAI.

Tatu ni nyingi kuliko moja?

Ndiyo, mama.

Nilielewa palepale. Alikuwa anauliza kuhusu pointi. Alitaka kujua mtu unayempenda unampa nyingi au chache, nami nikamwambia ndiyo. Na waliocheka, walimcheka huku wakilisikia jibu langu. Walimpa Mama Irshad zote walizokuwa nazo, na Njau, ambaye hawakumtaka kabisa, wakamwachia moja.

Gachau akasema, "Soma basi."

Nilisoma: "Njau, moja."

Karatasi ile niliiteremsha mfukoni. Sijui kwa nini. Zilizobaki nilizisoma hivyohivyo hadi mwisho. Njau ishirini na tatu, Mama Irshad kumi, Benta saba. Njau amepita nusu, hakuna hata haja ya kuhamisha.

"Hata mstari wa chini wamenipenda!" Njau alipaza sauti. Mama Irshad alimpa mkono, akampongeza. Alipogeuka kutazama majirani zake, hakuna aliyejua ayaweke wapi macho.

Nilinyamaza kwa sababu ya haya. Mimi ni mtu wa haya, kila mtu anajua.

Jumatatu, Machi 30

Gachau aliniachia debe, nimehesabu tena karatasi chumbani. Za miraba zenye Njau 1 na Mama Irshad 3 ni kumi na moja. Ukizigeuza, Njau ana kumi na mbili, Mama Irshad ana ishirini na moja. Nimehesabu mara nne.

Jumatano, Aprili 1

Wamepiga mabati mstari wa juu. Njau alipanda mwenyewe, na misumari mdomoni.

Ijumaa, Aprili 3

Ijumaa Kuu, lakini mama alifungua nusu siku. Nilitumwa mahamri nikasikia.

Mama Irshad alikuwa anawaambia wanawake wawili, bila kuinua macho kwenye karai: "Kumi. Sisi ni kumi na wanane, nimepata kumi, na wa juu watatu wameniapia walinipa. Yaani hapa chini ni saba. Sasa nihesabu mwenyewe ni nani na nani?"

"Wacha tu, Mama Irshad. Kura ni siri."

"Siri ndiyo inaniuma. Kwenye mlolongo ningewaona." Kisha akashusha sauti. "Kuna mtu hapa kila siku ananunua viazi kwa Njau. Gunia zima kwa mkopo anapewa. Simtaji."

Mama Zahra alikuwa hatua tatu kutoka pale, anamenya viazi. Kisu chake kilisimama.

Nilirudi bila mahamri. Nikamwambia mama yameisha.

Jumamosi, Aprili 4

Karai halikupikiwa viazi leo. Mama Zahra amehamia mwisho kabisa wa mstari, karibu na geti, anauza mayai ya kuchemsha. Nilimwona akijaribu kuwasha jiko dogo kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika mwavuli.

Jumapili, Aprili 5

Pasaka. Mhubiri alisema jiwe liliviringishwa. Nilitoka nje nikajifanya nimeitwa.

Jumanne, Aprili 7

Mvua kubwa. Mtaro umefurika mpaka kwenye meza za chini. Vitambaa vya mtu vimeelea. Mama Irshad alipika amesimama kwenye kreti, akikohoa kwa moshi. Mama Zahra alifunga saa nne, mayai yake yakiwa bado kwenye sufuria.

Sisi juu tulikuwa wakavu. Mama alipapasa gunia la ndengu kama anayepapasa mgongo wa mtoto. Akasema, "Mwaka jana wakati kama huu zilikuwa zimeota."

Tarehe 29 niliandika kwamba nilinyamaza kwa sababu ya haya. Sikuandika yote. Nilipoiona ile z, jambo la kwanza lilikuwa haya. La pili, kabla sijafungua mdomo kusoma, lilikuwa gunia la ndengu la mama.

Jumatano, Aprili 8

Mvua.

Alhamisi, Aprili 9

Mvua. Nimeshindwa kula. Mama anasema ni malaria.

Jumamosi, Aprili 11

Mama amenituma kwa shangazi, kule Mugutha, nibadilishe hewa. Nyumba mpya zimejaa huku, hata njia ya shamba imenipotea. Karatasi ya Mama Zahra nimeileta ndani ya daftari hili.

Jumanne, Aprili 14

Binti wa shangazi anaitwa Cindy. Uchaguzi uliopita alikuwa karani wa kituo cha kura, na anapenda kusimulia. Tulikuwa tunachambua mchele, nikamuuliza kana kwamba ni jambo la shule: karani afanye nini akikuta karatasi iliyoandikwa visivyo?

"Tulifundishwa kitu kimoja," akasema. "Unajiuliza huyu mtu alitaka nani. Ukimwona wazi, inahesabiwa. Ukikosa kumwona, unaweka kando, na mawakala wa wagombea waone umeweka kando."

"Na kama karani alimwona wazi, akasoma kingine?"

Akaacha mchele. "Nzisa, huyo hakukosea tu. Huyo ameiba."

"Hata kama hakupata kitu?"

"Hakupata kitu?"

Nilikuwa nauona mgongo wa gunia.

Cindy hakuniuliza zaidi. Baadaye alikaa nami na simu yake akanionyesha nchi ya Gambia, ambako watu wamepiga kura kwa gololi miaka mingi. Kila mgombea ana pipa lake lenye picha. Unadondosha gololi, inagonga kengele ndani. Ikilia mara mbili, wasimamizi wanajua kuna udanganyifu. "Hakuna kusoma, hakuna kuandika," alisema. "Sasa hapo hata mwalimu hawezi kukuchanganya."

Nadhani amejua.

Alhamisi, Aprili 16

Nilitaka njia ya kuonyesha kwamba mimi ni msomi. Alama moja ya vema ingetosha, na kila mtu angeelewa. Nikaleta Australia kwa watu waliosimama kwenye maji. Sioni ubaya kwenye namba zao. Ubaya ni mtu anayepeleka namba bila kungoja maswali.

Jumamosi, Aprili 18

Nimerudi. Jambo ambalo sikulitegemea ni Njau.

Kila asubuhi, kabla ya kufungua viazi vyake, anateremka mstari wa chini na jembe kuuzibua mtaro. Nilimwona leo ametapakaa matope hadi magotini. Alipopanda aliniambia, kwa sauti ambayo kwake ni ya chini, "Unajua Nzisa, mimi maisha yangu yote watu wananicheka tu. Mtu kumi na moja, labda kumi na mbili kutoka kule chini, watu si wa kanisa langu, si wa kabila langu, wakaniweka namba wani. Si lazima niwafanyie kitu? Nimeongea na yule wa mabati. Akipata mengine, yanaenda kwao."

Nilikuwa sijawahi kumwona Njau bila mzaha. Nilitamani aendelee kupiga kelele.

Jumatatu, Aprili 20

Nimesema.

Saa kumi na mbili asubuhi Mama Irshad alikuwa peke yake, mafuta yameshachemka. Hakukuwa na mvua. Nilikuwa nimejiandikia maneno kwenye kiganja, jasho likayafuta. Nikampa karatasi.

Aliishika mbali na mvuke. Akasoma mara moja, kisha akaisogeza karibu na macho.

"Hii z..."

"Ndiyo."

"Alikuwa nayo nani?"

"Mimi."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kura, mama. Aliniuliza kama tatu ni nyingi. Mimi nikamwambia ndiyo. Wote kumi na moja walikupa tatu. Walidhani ni pointi. Hapa chini hakuna hata mmoja aliyekuacha."

Nilingoja anipige. Alinitia mwiko mkononi, akaondoka. Alitembea ndani ya madimbwi bila kuinua buibui, hadi kule getini Mama Zahra alikokuwa anapanga mayai.

"Zahra. Umeandika Mola amlinde. Amlinde nani?"

Mama Zahra hakusimama. "Nani mwingine? Nina wangapi?"

Sikusikia tena, kwa sababu Mama Irshad alichutama palepale matopeni, na vichwa vyao vikawa kimoja. Mimi nilibaki na mwiko. Mahamri yalitoka rangi ya chai, yakawa ya kahawa, yakawa meusi, na mikono yangu haikujua la kufanya.

Aliporudi alitazama karai. "Umeunguza."

"Samahani, mama."

"Samahani hiyo ni ya mahamri ama ya Zahra?"

"Ya Zahra."

"Basi kampe mwenyewe. Halafu Njau. Halafu wote arobaini, kwa mdomo wako. Mimi sikubebei."

Mama Zahra alinisikiliza akimenya yai. Nilipomaliza alisema, "Siku ile walinicheka, sikujali, kwa sababu wewe hukucheka. Nikasema huyu mtoto ana heshima." Akaniwekea chumvi kwenye lile yai, akanipa. Nilienda nalo mkononi kwa Njau.

Njau alikuwa anafungua gunia.

"Kumi na moja?" akauliza.

"Kumi na moja."

"Walioniweka moja..."

"Walikuwa wanakuweka wa mwisho, mzee."

Alikaa juu ya viazi. Nikamwona ana mvi, kumbe. "Kwa hivyo asubuhi zote hizo nazibua mtaro, nasalimia watu walionikataa."

"Lakini walikuwa wanaitikia," nikasema.

"Hiyo ni kweli," akasema. "Walikuwa wanaitikia vizuri." Kisha akanyanyuka, akapiga sufuria kwa mwiko, akaita mkutano. Yeye mwenyewe.

Jumanne, Aprili 21

Mkutano ulikuwa jana saa tisa, lakini jana sikuwa na nguvu ya kuuandika.

Nilisimama chini ya mabati. Nilisema yote, pamoja na gunia la mama. Nilidhani nikilisema hilo nitafarijika, lakini uso wa mama ulinionyesha kwamba nimelihamisha tu, kutoka kwangu kwenda kwake.

"Aiya!" mtu akasema. "Na tulikuwa tunamwita msomi."

Mzee wa miwa alitaka mlolongo. "Migongo haidanganyi!"

"Mgongo wako haukuhamishwa pamoja na meza," Benta akamjibu, na watu wakacheka kidogo.

Wengine walitaka namba zigeuzwe tu, Mama Irshad atangazwe. Benta akauliza, "Na mtajuaje kati ya hao kumi na moja hakuna mmoja aliyempenda Njau kwa kweli?" Hilo sikuwa nimelifikiria. Hata nilipokuwa najutia nilikuwa bado nawasomea watu mioyo.

Nikawaeleza kuhusu Gambia. Wakasema gololi tutatoa wapi. Kisha mama, ambaye hakuwa amefungua mdomo, alichota kikombe cha maharagwe, akakiweka mezani kwa kishindo.

"Haya. Punje moja kwa mtu."

Njiani kurudi nyumbani aliniuliza jambo moja tu. "Ulijua tangu siku ile?"

"Ndiyo, mwaitu."

"Na ukakaa na mimi chini ya yale mabati ukiniangalia nikishukuru Mungu."

Alhamisi, Aprili 23

Mama ananisemesha mambo ya maji na ufunguo tu.

Jumapili, Aprili 26

Mzee Gachau amekuja kutoka Murang'a, safari hii na miwani. Kwanza niliuliza swali mbele ya wote, na kila mmoja alijibu kwa mkono: mshindi apite nusu, au awe na nyingi tu? Wakachagua nyingi tu. Nilikwenda meza kwa meza, mistari yote miwili. Kila mtu alinionyesha kwa mkono wake mwenyewe punje itaingia wapi. Ilinichukua saa mbili kumaliza. Njau alisema tukimaliza kura tuyachanganye hayo maharagwe na mahindi, tupike githeri.

Mikebe mitatu iliwekwa nyuma ya pazia, na picha juu ya kila mmoja. Gachau alikaa nje, sikio limeelekezwa: punje ikigonga bati, *ting*, mara moja, anaita anayefuata. Tulipofika mtu wa kumi na tano mvua ikanyesha, na mabati yakanguruma hivi kwamba hakuna punje ingesikika. Basi tukangoja. Watu arobaini tukajibana chini ya paa la mstari wa juu, wa juu na wa chini. Mvua ilipoisha tukaendelea.

Sikuhesabu mimi. Mama Irshad kumi na tisa. Njau kumi na sita. Benta tano.

Mtu wa mstari wetu alipiga kelele kwamba kumi na tisa si nusu, kwamba kule juu serikalini wangerudia raundi ya pili, na wa Benta wangekuja kwa Njau. Ni kweli, wangeweza kuja. Kwa sheria nyingine, leo mshindi angekuwa mwingine. Watu walinigeukia mimi.

Njau aliinua mkono. Akachota maharagwe ya mkebe wake, akayatazama kiganjani.

"Ile siku nilikuwa na ishirini na tatu na sikujua ni za nani. Hizi kumi na sita najua ni zangu." Akazitia mfukoni. "Tumeshamaliza. Mama Irshad, hongera. Githeri yangu nitapika nyumbani."

Jumatatu, Aprili 27

Watu walitegemea mabati yang'olewe. Mama Irshad alisema bati lililopigwa msumari haling'oki bila kutoboka. Ameamuru meza za juu zisogee, mvua ikinyesha wa chini wapande. Baadhi ya watu wetu wananung'unika. Wawili hawanijibu salamu. Wana haki.

Asubuhi Njau alikuwa mtaroni na jembe.

Jumatano, Mei 6

Mvua tangu saa tano. Mstari wa chini umepanda. Mama alivuta gunia la ndengu mpaka ukutani, bila kuambiwa, ili karai lipate nafasi. Hajaniita msomi tangu siku ile, ila leo amenimenyea embe.

Mchana zamu ilikuwa ya viazi. Mama Zahra alikaa kwenye kigoda, Mama Irshad akimshikia bakuli la unga, wanagombana kuhusu chumvi kama zamani. Mimi nilikuwa pembeni, pale ninapokaa siku hizi.

"Nzisa," Mama Zahra akaita, kwa sauti ambayo mstari mzima ulisikia. "Tatu ni nyingi kuliko moja?"

Safari hii hakuna aliyecheka. Mabati yalikuwa yananguruma. Nilingoja yapunguze, nikamsogelea mpaka nikasikia mafuta.

"Kwa nini unauliza, mama?"

Akaopoa viazi vitatu, akaviweka kwenye karatasi, akaninyooshea.

"Nataka kujua nikupe vingapi."

Nilichukua kimoja.